Naombeni ushauri: kanisani wanasema nisimame imara, mimi nataka kuondoka Dar

Mama Mpunga (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala huku Charambe. Sijawahi kuanzisha uzi, huwa nasoma tu, kwa hiyo mnisamehe kama nimekosea jukwaa.

Mambo yamenielemea. Nilikuwa mama lishe, nawapikia mafundi kwenye ghorofa linalojengwa Kurasini. Biashara ilikuwa nzuri, masufuria yalikuwa yanarudi matupu. Tajiri akasimamisha ujenzi, mafundi wakatawanyika, wengine wakaondoka na madeni yangu ya wali maharage yakiwa kwenye daftari. Mume wangu alikuwa anaendesha bajaji ya mtu, akagongwa na lori pale Mtongani. Mguu una vyuma, yupo ndani. Bajaji mwenyewe keshaichukua. Mwenye nyumba anapita kila asubuhi kutusalimia, na salamu ya mwenye nyumba mnaijua.

Mimi nimeokoka, naimba kwaya. Nimefunga, nimekesha. Mchungaji anasema nisikimbie vita, Mungu hamwachii mtu jaribu linalomzidi. Lakini mama yangu mzazi yuko Kyela na shamba lake la mpunga, ananiambia njoo na wajukuu zangu upumzike. Nataka niende nikajipange.

Swali langu ni moja tu: nikiondoka nitakuwa nimemkosea Mungu? Majibu ya kiroho nayataka na ya kiakili pia. Matusi sitaki.

Kitunguu Maji
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

Shemasi Mstaafu
Bwana Yesu asifiwe binti yangu. Pole sana.

Soma habari za Yona. Alitumwa Ninawi, akateremka Yafa, akakuta merikebu inakwenda Tarshishi, akatoa nauli akapanda. Angalia hapo kwenye nauli. Kutumwa na Mungu hakukumgharimu senti, kukimbia ndiko alikokulipia mfukoni mwake. Na dhoruba haikumkuta peke yake, iliwakuta na mabaharia wa watu ambao hawakujua kitu.

Mimi wakati wa mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998, nilikuwa Ifakara na ekari zangu za mahindi. Maji yalibeba yote. Ndugu zangu waliniambia njoo mjini, nikakataa, nikala mihogo mwaka mzima. Leo watoto wangu wote wamesoma. Simama binti.

Mzee wa Feri
Shemasi shikamoo, lakini usimtishe dada na Yona mmoja wakati Biblia imejaa wakimbizi. Eliya alimkimbia Yezebeli mpaka jangwani, akalala chini ya mti akaomba afe. Malaika alimsema? Alimpikia. Akamwambia inuka ule, maana safari ni kubwa kwako. Yusufu na Mariamu walimbeba mtoto usiku wakakimbilia Misri. Paulo aliteremshwa ukutani kule Dameski ndani ya kapu kama samaki wangu.

Nenda Kyela dada. Ule wali wa kwenu ulale.

Kitunguu Maji
Hapa ngoma droo. Yona 1, Eliya 1.

Fundi Bomba Tandika
Mume ana vyuma mguuni halafu mke anakwenda kupumzika. Wanawake wa siku hizi! Mama yangu alimuuguza baba miaka na miaka, hatukumsikia hata akiguna. Huyo mume anabaki na nani?

Mama Mpunga
@Fundi Bomba Tandika atabaki na mdogo wake, yupo hapahapa Mbagala. Sijasema namwacha. Akipata nafuu atanifuata.

@Mzee wa Feri asante baba, umenipa faraja. Ndivyo na mimi nilivyokuwa naona.

Hesabu Kali
Dada, samahani. Mabasi ya Kyela yanajaa kila siku pale Stendi ya Magufuli na sijaona abiria anauliza kama kwenda kwa mama ni dhambi. Kuna kitu umekiruka. Unadaiwa na nani?

Mama Mpunga
Deni kila mtu analo jamani. Hata serikali inadaiwa.

Hesabu Kali
Ni kweli, lakini serikali haijaomba ushauri hapa. Kiasi gani, na nani amekudhamini?

Binti Rungwe
Hapo kwenye kudhaminiwa na mimi nataka kusikia. Ulivyorukia serikali nimepata wasiwasi.

Nabii wa Mitaa
Dada kuna roho ya mikopo kwenye ukoo wenu. Tuma sadaka ya kujifungua, namba nakupa chemba. Utalala mdaiwa, utaamka mkopeshaji.

Abuu wa Buguruni
@Nabii wa Mitaa wewe kesha ukijiombea mwenyewe.

Mama Mpunga
Sawa, nitasema, maana naona mmenishikia bango.

Tupo wanawake watano kwenye kikundi, wote wa jumuiya moja. Mkopo anachukua kila mtu wake lakini tumedhaminiana. Mimi nilichukua milioni moja. Rejesho 55,000 kila Jumanne, wiki 24. Nimefika katikati. Baba Neema alipoumia nikaongeza laki tatu za mtaani, hizi kausha damu, narudisha 15,000 kila siku kwa mwezi. Hapo ndipo nilipozama.

Jumanne mnajua inavyokuwa. Kikao kinaanza saa nne, na hatoki mtu mpaka hesabu ya wote watano itimie. Afisa mikopo ni kijana mdogo, ningeweza kumzaa. Anageuza ndoo yangu ya rangi anakaa juu yake, miguu kwenye kivuli, anaangalia mpira kwenye simu. Hagombi wala hatukani. Anasema tu, "Mimi sina haraka mama zangu." Saa nane inafika, watoto wanarudi shule wanamkuta. Wiki mbili zilizopita wenzangu wamenichangia. Mama Rehema ni mjane, anashona, na cherehani yake ndiyo aliyoandikisha kama dhamana.

Kabla hamjanihukumu, mwaka jana Mama Rehema mwenyewe alikwama na mimi nilimchangia, tena zaidi ya mara moja, na sikumsema kwa mtu. Kwa hiyo zamu ni zamu. Na mimi sijasema sitalipa. Nikivuna mpunga nitatuma.

Binti Rungwe
Dada yangu, mimi ni wa hukohuko. Mpunga hauvunwi kwa wiki. Cherehani itakuwa imebebwa zamani.

Hesabu Kali
Tuhesabu kidogo, maana maombi bila hesabu ndiyo yametufikisha hapa.

55,000 mara 24 ni 1,320,000. Umekopa milioni, kwa hiyo juu yake kuna laki tatu na ishirini, ndani ya miezi mitano na nusu. Ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wasiopokea amana, wanaoitwa daraja la pili, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata ukimhesabia mkopeshaji kwa kumpendelea, haifiki laki mbili. Waulize kwa upole zinazozidi ni za nini, na waombe nakala ya mkataba. Ile laki tatu unairudisha 450,000 ndani ya siku 30. Nyongeza tu ni nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja! Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni, na Benki Kuu inatoa orodha ya wenye leseni. Novemba 2024 walitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Huyo wako wa mtaani muulize leseni, uone atakavyokohoa.

Sasa upande wa pili. Kama umebakiza wiki 12, ni 660,000. Ukiondoka, kwa wale wanne ni 165,000 kila mmoja, mjane akiwemo. Hizo ndizo utakazowaachia.

Mama Mpunga
Nimeelewa. Lakini nikibaki hiyo 660,000 itatoka wapi? Mbona hilo hamjibu? Kila mtu simama, simama. Nasimama juu ya nini?

Mzee wa Feri
Swali zuri hilo. Na sasa nabadilisha kauli, maana dada ulinificha. Eliya alimkimbia mtu aliyetaka kumuua, hakuwa amemwachia mjane deni. Mjane wa Sarepta, Eliya alimkuta na unga kiganja kimoja, na chombo cha unga hakikuisha.

Habari yako imekaa kama ya Onesimo. Alimtoroka bwana wake Filemoni. Paulo akamrudisha, ila hakumrudisha mikono mitupu na neno la "vumilia". Alimpa barua, ndani yake kaandika kama huyu unamdai kitu, kiandike juu yangu. Sasa mimi nauliza: huyo mchungaji anayesema usikimbie vita yuko tayari kuandika barua ya namna hiyo? Jumuiya nzima mnakusanyika kila wiki, mnachanga harusi, mnachanga vitenge vya kwaya. Hii kesi imefika mezani? Au wanamwambia mtu asimame halafu wao wamekaa?

Shemasi Mstaafu
Mzee mwenzangu umenigusa. Lakini jumuiya haiwezi kuchangia jambo ambalo haijaambiwa. Binti, mchungaji ulimweleza habari za kikundi, au ulimwambia tu "nina mapito"?

Mama Mpunga
Nilimwambia nina mapito.

Kitunguu Maji
😂😂 Mapito! Dunia nzima tunajificha humo.

Abuu wa Buguruni
Mimi ni Muislamu, naongea kama jirani. Kwetu Qur'ani inasema mdaiwa akiwa katika dhiki basi apewe muda mpaka apate wepesi. Lakini anapewa muda aliyejitokeza akasema nina dhiki. Aliyezima simu anapewa muda wa nini? Nenda kwa yule kijana wa ndoo, mwombe rejesho lishuke liwe hata 25,000 wiki zirefuke. Na mtu akija kubeba godoro muulize karatasi ya mahakama iko wapi. Deni ni madai, hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani akajichukulia. Mwite mjumbe. Ukikwama, TAWLA, kile chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia wanawake mambo ya kisheria.

Mjomba Mkavu
Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, mwaka uliofuata ikarudi. Lakini usikope ya kulipia mkopo. Mimi nililipia kausha damu kwa kausha damu nyingine mpaka nikawa nawasalimia wote kwa jina moja, "boss".

Aliyebaki
Sikutaka kuandika. Mimi ni mdhamini niliyekimbiwa.

Tulikuwa wanane, Kigogo. Mwenzetu mmoja, nimtaje Dada E, alikuwa rafiki yangu wa benchi, sauti ya pili kama mimi. Alikuwa na shida za kweli, sisemi alikuwa mwizi. Jumapili tulikaa pamoja, tukaimba, tukapeana mikono ya amani, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. Usiku ule alipanda basi la Mwanza. Maana yake wakati ananipa amani tiketi ilikuwa kwenye pochi.

Wakaja wakachukua friji yangu, nilikuwa nauzia barafu na juisi ya ukwaju. Friji nilishanunua nyingine. Lakini mpaka leo mtu akinishika mkono kwa mikono miwili naangalia pochi yake. Kwaya niliacha. Angeniambia ningemtukana, ndiyo, ningemtukana sana, halafu ningekwenda naye kwa afisa.

Dada, umeshakata tiketi?

Kitunguu Maji
Karanga nimeweka chini.

Binti Rungwe
@Mama Mpunga tunasubiri.

Mama Mpunga
Ndiyo. Nimelipia ya mtu mzima mmoja, mdogo nitampakata. Mkubwa ana mitihani.

Hesabu Kali
Ya lini?

Mama Mpunga
Jumanne. Alfajiri.

Hesabu Kali
Na kikao saa nne.

Mama Mpunga
Nilichagua Jumanne kwa sababu ndiyo siku niliyopata nauli nafuu. Msifikirie vibaya. Na Jumapili nilishaomba Mungu kama hataki niende afunge njia, na njia haikufungwa. Siti ilipatikana.

Mzee wa Feri
Na Yona siti ilipatikana.

Shemasi Mstaafu
Amina kwa hilo.

Dalali Hana Nyumba
Sasa nisikilizeni mimi, mmelia vya kutosha. HII NI CHAI, hadithi ya kutunga.

Nimeingia kwenye nyuzi za zamani za huyu "Mama Mpunga". Januari ID hiihii iliuliza gia boksi ya Noah inayogonga ikiingia ya pili, na ikaandika "sisi wanaume tunaopenda magari". Mwezi uliofuata ilikuwa inabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka usiku wa manane. Leo ana kwaya, mjane, cherehani, bajaji, vyuma mguuni na mama mzazi shambani. Wamebaki mapacha waliopotezana tu.

Fundi Bomba Tandika
Nilihisi! Mama lishe anaandika aya zimenyooka hivi?

Binti Rungwe
Kwa hiyo mama lishe haruhusiwi kujua nukta? Mwanamke haruhusiwi kupenda Yanga?

Fundi Bomba Tandika
Sijasema hivyo.

Mjomba Mkavu
Umesema hivyohivyo. Ila hata mimi hiyo gia boksi imenichanganya.

Kitunguu Maji
Chai ya tangawizi, vitafunio viko wapi? Na yule "Aliyebaki" si ajabu ni ID yake ya pili, anajijibu mwenyewe.

Aliyebaki
Asante. Ndiyo maana sikutaka kuandika.

Mama Mpunga
ID ni ya kaka yangu. Simu yangu niliiuza mwezi uliopita, natumia hii yake akirudi kazini jioni, yeye ni fundi magari. Jina niliomba libadilishwe ndiyo nikaandika. Kuamini ni hiari yenu.

Dalali Hana Nyumba
Kaka tena. Waigizaji wanaongezeka. Basi jibu mtihani mdogo: kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi? Usigugo.

Mama Mpunga
Sahani za nani? Za mafundi natoa sita, za watu wa ofisini nane. Mafundi wa zege ukiwapa sahani ya ofisini wanarudisha pesa zao mfukoni. Mchele ukiwa mpya maji punguza, ukizidisha unapata bokoboko. Nikishaupika naupalia, makaa juu ya mfuniko, moto wa chini naupunguza. Ukoko nawapa bure vijana wa kubeba zege, ndio wanaovuta wenzao. Maharage nayalaza kwenye maji usiku, mkaa unapungua karibu nusu. Kuna wanaotia magadi yaive haraka, mimi sitii, mtu akishikwa na tumbo kwenye jukwaa la ghorofa ya nne utajibu nini? Nazi naweka tui jepesi kwanza, zito mwishoni, na sifuniki. Ukifunika linakatika.

Kingine?

Mzee wa Feri
😂 Dalali kaa chini.

Dalali Hana Nyumba
Mitandaoni yamejaa hayo. Lakini la ukoko… sawa. Naendelea kufuatilia.

Abuu wa Buguruni
Mimi nina njaa sasa. Dada, bandarini kuna malori yanalala foleni, madereva na matingo wanatafuta chakula cha saa tano usiku. Kurasini unapajua tayari. Hilo ghorofa si la pekee Dar.

Mama Mpunga
Mtaji sina baba. Sufuria kubwa nilishaiweka rehani.

Binti Rungwe
Kwa nani?

Mama Mpunga
Kwa Mama Rehema.

Kitunguu Maji
Nimekosa la kusema, na haijawahi kunitokea.

Aliyebaki
Kwa hiyo anayo sufuria yako, na wewe unayo cherehani yake mkononi. Na mnaishi mtaa mmoja. Dada, ni milango mingapi kutoka kwako hadi kwake?

Mama Mpunga
Tunachota maji bomba moja.

Shemasi Mstaafu
Binti, nitakwambia jambo bila mstari. Jumanne saa nne ni mbali. Nenda leo kwa Mama Rehema, kabla ya mchungaji, kabla ya yule kijana. Atalia au atapiga kelele, mwache amalize. Baada ya hapo nendeni wawili kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, mkiwa na karatasi ya hesabu aliyoiandika huyu kijana Hesabu Kali. Mkifika wawili hawawezi kuwaambia ni mapito.

Fundi Bomba Tandika
Na mume aelezwe. Hapo sitoki.

Mama Mpunga
Baba Neema hajui kuhusu ile laki tatu. Anadhani vyuma vililipwa na tajiri wa bajaji, na anamwombea kila usiku kwa jina.

Nimesoma komenti zote, hata za kejeli. Sijaamua bado, msiniharakishe. Kaka anataka simu yake.

Hesabu Kali
Ukirudi hewani andika. Mkataba ukiupata, ficha majina upige picha, nitakusaidia kuusoma.

Binti Rungwe
Dada, sikuchimbi, nina shida yangu. Nimepigiwa simu sasa hivi, shangazi amefariki Ipinda, nauli za wiki hii zimepanda. Hiyo tiketi ya Jumanne kama huitumii naweza kuinunua? Jina tutabadilisha kwa wakala.

Mzee wa Feri
Pole kwa msiba binti.

Mama Mpunga
Pole sana mdogo wangu. Ni siti ya dirishani, upande usio na jua. Njoo chemba tuongee, ila bei ileile niliyonunulia, usinipunguzie hata mia.

Dalali Hana Nyumba
Nilisema. Uzi mzima na Yona na Eliya ndani yake, kumbe tangazo la tiketi 😂